Fundi Anayebandua Saruji Yake Mwenyewe

Saa mbili asubuhi, Desmond Pocock amepiga magoti mbele ya nyumba namba tisa, patasi mkononi, anabandua saruji iliyo kati ya matofali. Anagonga taratibu, maana ukizidisha nguvu, tofali nalo linaondoka.

Saruji hiyo aliiweka yeye mwenyewe, miaka arobaini iliyopita.

"Niliikandamiza kweli kweli," anasema bila kuinua kichwa. "Nikajiona fundi. Sasa inanitoa jasho, na nimestahili."

Nyumba za Mtaa wa Garnet, mjini Reading, Uingereza, ni tisa, zimeshikana ukuta kwa ukuta tangu enzi za Malkia Victoria. Ni za matofali mekundu, na milango yake inafunguka moja kwa moja barabarani. Siku hizi zinalindwa na sheria. Hata rangi ya mlango inaombewa kibali. Lakini sheria ilichelewa, Des alishapita.

Alikuwa na miaka ishirini na tano alipoanza na namba tisa, kwa Bi Hilda Lovegrove. Alikwangua chokaa ya zamani, akajaza saruji. Ukuta ukapendeza, majirani wakamwita mmoja mmoja. Kufikia Krismasi alikuwa ameumaliza mtaa mzima, kwa pauni themanini kila nyumba.

"Matofali haya ni laini," anaeleza. "Yakinywa maji, chokaa inayatoa. Saruji inayafungia humo humo. Baridi ikija, maji yanaganda na uso wa tofali unachunika. Mimi nilidhani kigumu ndicho kizuri."

Namba tisa iko mwisho wa safu, mvua inaipiga pande mbili, nayo ndiyo imeumia kuliko zote. Mkaguzi wa majengo ya kale amesema wazi kwamba ukuta wa mbele usipotengemaa kufikia Machi, utabomolewa na kujengwa kwa matofali mapya.

Ndiyo maana Des, mwenye miaka sitini na mitano na magoti mabovu, yuko hapa kila siku bila malipo. Anachomoa tofali lililochunika, analigeuza ili upande wa nyuma, ambao haujawahi kuonja mvua, uwe mbele, kisha analirudisha kwa chokaa. Yako mia moja na kumi na mawili. Amegeuza sitini na manne. Kumi na moja mengine yamemvunjikia mikononi, na kila moja linamuuma. Chokaa haishiki kwenye jalidi, ile baridi ya kugandisha maji, na jalidi limebakiza wiki tatu.

Bi Hilda, mwenye miaka themanini na sita, anatoka na kikombe cha chai.

"We Des, inuka unywe."

"Nikiinuka sirudi chini, Bi Hilda."

"Kwa hiyo nikunyweshe kama ndama?"

Tangu alipogundua kosa lake, Des alimwacha aamini kwamba ukuta umeharibiwa na baridi tu. Asubuhi hii uzalendo unamshinda. Anaweka patasi chini na kumwambia kila kitu, macho yakiwa kwenye kikombe.

"Nilikuwa najua," anajibu Bi Hilda.

Marehemu mumewe, Ron, alikuwa mchoma matofali. "Siku ile ile aliniambia, 'Mwambie huyo kijana atumie chokaa.' Nikamwambia anyamaze, asikuvunje moyo, ndiyo kwanza unaanza kazi. Sikukwambia, Des. Mtaa mzima ukaharibika, na mimi nakuangalia dirishani nakusifia."

Des anaokota patasi yake. Inasikitisha kwamba neno moja tu lingetosha.

Akimaliza hapa kabla ya jalidi, anasema baadaye, anataka kubisha hodi namba nane, kisha namba saba, mpaka magoti yagome.

Kwa sasa anachomoa tofali litakalokuwa la sitini na tano kugeuzwa. Linatoka zima. Analigeuza, upande wa pili ni mwekundu, kama limetoka tanurini jana. Ananyoosha mkono kuchukua mwiko.

"Tia chokaa, Des," anasema Bi Hilda. "Haya. Nimekwambia."