Doa Jeupe Utosini

"Huyu atataga au atawika?" Bibi aliniuliza, kifaranga akilia kiganjani mwake. Swali hilo lilinirudia juzi kijijini kwetu Mungaa, nilipokuta banda lake la kuku limebaki nguzo tu, na vifaranga wa shangazi wanaletwa kutoka mjini ndani ya boksi lenye matundu.

Enzi zile, kwetu, mtoto aliyeamia ndege, akawafukuza kwenye uwele hadi mavuno, alipewa kifaranga mmoja. Unachagua mwenyewe, mara moja, hakuna kubadilisha. Ukipata tetea, yeye na uzao wake ni mali yako. Ukipata jogoo, ni wa wageni. Nilikuwa nimewapigia ndege kelele mpaka sauti imekauka. Nilitaka tetea kuliko nilivyotaka viatu.

Kuku wa bibi alikuwa wa mistari myeusi na myeupe, jogoo wake mwekundu. Vifaranga walitoka weusi, baadhi na doa jeupe utosini. Bibi alisema mwenye doa ni jogoo, asiye nalo ni tetea. Nikamuuliza utosi unajuaje habari za mayai. Jirani yetu, aliyekuja kuomba moto, alicheka sana. Naye alikuwa na kuku wa mistari, na kwake vifaranga wote walitoka na doa, matetea kwa majogoo.

"Mama, mtoto unamdanganya," alimwambia bibi.

"Kwako ni kwako," bibi akajibu, akiendelea kupepeta uwele.

Mimi nilimwamini aliyeleta ushahidi. Ili kuonyesha kwamba doa si kitu, nikamchagua mwenye doa kubwa kuliko wote. Bibi aliniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Akamfunga uzi mwekundu mguuni, basi.

Aliwika kabla ya mvua. Wageni walipokuja kumposa shangazi, jogoo akaingia chunguni. Naikumbuka harufu ya ule mchuzi, ugali wa uwele ukifuka moshi, na bibi akiniwekea paja. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilifika chuo kikuu, nikawauliza walimu maswali mengi kuliko walivyopenda, ndipo nikajua: doa lile hutenganisha jike na dume pale tu mama anapokuwa na mistari na baba hana. Na jogoo wa jirani, namwona mpaka leo juu ya paa la udongo la tembe lao, alikuwa wa mistari.