Kwale Aliyekokota Bawa

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka hata harufu ya vumbi lake. Jana ulipokuja kulalamika kwamba nampenda mke wa mdogo wa mumeo kuliko wewe, nilicheka, kisha moyo ukaniuma palepale pa zamani.

Nilikuwa mke mgeni hapa Kapata, na mume wako, mtoto wangu wa kwanza, mgongoni. Ngalula, mke wa shemeji yangu, hakuwa na mtoto. Lakini mama mkwe akiamka aliita nani? Ngalula. Akionja mboga alimsifu nani? Ngalula huyohuyo. Nilimwonea wivu mpaka ugali ukawa mchungu kinywani.

Mama mkwe akaugua, akatamani nyama ya kwale. Tukaenda wawili, mimi na Ngalula, upande wa Kingamyambo, ambako mchanga wa machimbo umekausha ardhi na majani yamebaki mafungu mafungu. Kwale jike akatoka miguuni petu, akikokota bawa kana kwamba limevunjika. Nikajisemea, huyu ni wangu, leo nitaitwa mimi. Nikafungua kitenge, nikamlaza mtoto chini, nikakimbia. Nikikaribia, anasogea; nikichoka, ananingoja. Mwishowe akaruka na mabawa yake yote mazima.

Nikarudi nikitweta. Ngalula alikuwa amembeba mtoto, anamtoa siafu shingoni mmoja mmoja. Karibu na mguu wake vifaranga vya kwale vilijilaza kimya, rangi ya udongo mtupu. Hakuvigusa.

"Ule kwale alikuvuta mbali ju ya batoto yake," akaniambia. "Na weye, wako ulimwachia nani?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Ngalula alipokufa, mume wako alimlilia kama mama yake mzazi. Nilisimama pale kaburini, mwanangu, nikamwonea wivu hata maiti.

Mshika mawili moja humponyoka, na mwenye wivu hata hilo moja halishiki vizuri. Sisemi wivu hautakuja. Mimi ni mzee na bado unanitembelea. Ukija, angalia kwanza mtoto wako umemlaza wapi. Ya mwenzako yatangoja. Mungu akubariki, akujalie mikono isiyoachia kilicho chako, na siku nitakapozikwa mimi, mlie wote wawili, wewe na mwenzako, msipimane machozi.