Bolti Iliyozidi Kidogo

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu mwenyewe, simsingizii mtu. Jina nalificha kwa ajili ya mamangu tu, maana hapa mtaani Kibokoni tunajuana mlango kwa mlango.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye karakana ndogo ya ndege kando ya uwanja wa ndege, ng'ambo ya Makupa. Kazi yangu ilikuwa kuwapa mafundi bolti, nati na washa, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya nati. Aliyenifunza ni Fundi Kazungu, mzee mpole ajabu.

"Dada, bolti ya ndege si ya mlango," alikuwa akiniambia. "Namba ya mwisho kwenye pakiti ndiyo urefu. Isome kabla hujanipa."

Siku hiyo alitaka bolti ya kufungia mkono unaoendesha mkia. Saizi yenyewe ilikuwa imekwisha, na niliyesahau kuagiza ni mimi. Nikaogopa kukaripiwa! Nikachukua iliyozidi urefu kidogo, kama unene wa sarafu mbili, nikaitia kwenye pakiti ya ile iliyokwisha. Nikajiambia, ndefu si ndiyo imara zaidi? Ujinga ulioje!

Mzee wa watu aliniamini. Alisoma pakiti, akafunga, akatia sahihi.

Kufika adhuhuri moyo ukawa haunitulii. Nikachukua bolti nyingine kama ile, nikaipitisha kwenye vyuma viwili vyenye unene kama wa pale kwenye mkia, nikakaza nati. Spana ikagoma kuzunguka zaidi, nikajua imekaza. Alhamdulillahi! Kisha nikavitikisa vile vyuma. Vikacheza!

Ndipo nilipoelewa. Bolti ya ndege ina sehemu laini isiyo na hesi, ile mikato ya kuzungushia nati, na sehemu hiyo yapasa kulingana na unene wa inachoshika. Ikizidi, nati hufika mwisho wa hesi ikakwama hapo. Mkono wako wasema imekaza, kumbe haijashika kitu.

Nikatoka mbio mpaka mlangoni. Ndege ilikuwa inaruka! Ndani yake rubani, na Fundi Kazungu mwenyewe, wanaijaribu kabla ya abiria wa alasiri.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Sikusema! Nilisimama pale dakika kumi nzima, nawaza kazi yangu, nawaza watu watanionaje. Ikapinda juu ya bahari. Nikaona kama mkia unayumba. Labda ni macho yangu, wallahi hadi leo sijui. Nikapiga ukelele.

"Warudisheni!" nilimwambia msimamizi wetu wa karakana. "Bolti niliyotoa siyo!"

"Siyo vipi?"

"Ni ndefu! Haikukaza! Warudisheni, nakuomba!"

Akarukia redio. Yarabi, ile ndege ilivyoshuka! Polepole, polepole, nami nasoma kila dua niijuayo. Ikagusa chini. Ikasimama.

Fundi alifungua kifuniko cha mkia, akausukuma ule mkono kwa kidole kimoja. Ukacheza. Akanigeukia.

"Dada, ulijua nikiwa juu?"

"Nilijua, mzee."

Nilifukuzwa, na nilistahili. Lakini sahihi ilikuwa yake. Alisimamishwa achunguzwe, na hakurudi tena kazini. Mtu aliyezeeka kwenye kazi ile!

Mwezi uliopita nilimwona Fundi Kazungu kwenye bustani ya Mama Ngina, pale ufukweni, ananunua mihogo na mjukuu wake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba," akamshika mtoto mkono, wakaenda zao. Mihogo yenyewe hata hawakuichukua.

Mpaka leo ndege ikipita juu ya mtaa wetu naacha ninachokifanya hadi mlio uishe. 

Nyinyi mnaotoa vitu stoo, viwe vya ndege, vya gari au dawa za wagonjwa, mtakosea, nyote ni binadamu. Mkikosea, semeni! Tukanweni, fukuzweni, aibikeni mbele za watu. Lakini semeni mkiwa bado mnaweza kumwita mtu arudi.