Nilitoa albamu bila sebene, orkestra yangu ikapasuka

Wakuu, salamu nyingi kutoka Mweso.

Hii njo mambo yangu mwenyewe, sikuhadithiwa. Mwenye alikuwa Bweremana ile siku tuliimba anaweza kunirekebisha hapa hapa, sitakasirika.

Mimi ni muimbaji. Huku Masisi watu walinijua kwa muziki ya kucheza: harusi, ubatizo, sikukuu. Gitaa ikianza sebene, ile sehemu ya kucheza, hata mama mukwe anaacha sahani, anasimama. Albamu mbili za kwanza zilikuwa hivyo, moto tu, na njo zilinipa jina.

Gitaa yenyewe ilikuwa ya Papa Bahati. Tulianzisha orkestra pamoja tukiwa bado vijana. Mimi sauti, yeye vidole.

Sasa musimu mumoja nilienda Kingi kusaidia mama yangu kuvuna maharagi. Yeye na majirani wake walikuwa wanaimba kwa Kihunde, mumoja anatanguliza, wengine wanamujibu, huku wanang'oa.

Hizo nyimbo nilikomaa nazo, lakini sikuwa nimezisikiliza kabisa. Siku hiyo nilisimama na maharagi mukononi, kazi nikaisahau.

Mama akaniuliza, "Wewe, umekuja kuvuna ao kutuangalia?"

"Mama, hii njo albamu yangu yenye inakuja."

Wakacheka wote. Walifikiri ninatania.

Niliporudi Mweso nikaita orkestra. Nikawaambia: hakuna ngoma, hakuna piano, hakuna gitaa. Sauti yangu na za wamama wa kule shamba, mama yangu kati yao, basi.

Papa Bahati akaniangalia sana. "Kaka, na mimi nitafanya nini?"

"Utaimba na sisi."

"Mimi si muimbaji. Unanitoa mu nyumba yenye nilijenga."

Akachukua gitaa yake, akatoka. Wapiga ngoma wakamufuata. Haikupita muda wakawa na orkestra yao.

Iliniuma, wakuu, siwafichi. Lakini sikugeuka. Nilijua kile nilisikia mu shamba.

(Kwa kurekodi, wamama walikataa kuimba na viatu. Muntu wa studio alishangaa, kisha naye akavua vyake.)

Tukapeleka albamu Bweremana, mu ukumbi wa parokia. Ukajaa. Watu wamevaa vizuri, wamekuja kucheza.

Wimbo wa kwanza, hakuna mwenye alicheza. Wa pili, muntu akapiga kelele: "Weka sebene!" Wengi wakamuunga mukono. Wengine wakaanza kutoka.

Mama akaninong'oneza, "Twende nyumbani, mutoto wangu."

"Hapana, Mama. Tanguliza ile ya kuvuna."

Akatanguliza. Ukumbi ulikuwa umebaki nusu, lakini hao wenye walibaki wakaanza kutujibu. Wavuvi wa ziwa la pale Bweremana wakajibu kwa luga yao, maneno ingine kabisa, na ikaingia vizuri. Tulimaliza wote wamesimama.

Niseme ukweli: watu wa harusi wakaacha kuniita. Lakini watu wa Walikale wakaanza, wanataka turekodi nyimbo zao za porini mbele wazee wazisahau. Kazi haikufa, ilibadilika njia tu.

Kisha asubui moja simu ikalia. Papa Bahati. Hatukuwa tumeongea tangu alitoka.

"Kaka, mama yangu amekufa."

"Pole sana, kaka."

Akaendelea: "Alikuwa anasikiliza ile albamu yako kila siku. Mimi namuambia azime, yeye anaongeza sauti. Lete wamama."

Tukaenda. Kwenye matanga, wamama walipoanza, Papa Bahati akaacha kiti chake kati ya wafiwa, akaja kusimama na sisi, akaimba.

Sauti yake iko mubaya, wakuu. Mubaya sana. Lakini aliimba mupaka mwisho.

Hakurudi kwangu. Iko na orkestra yake, inapiga sebene tamu, na mimi naenda kucheza.

Kile nilijifunza ni hiki: ukisikia muziki mupya ndani yako, ufuate. Kuna wenye wataenda, kuna wenye watakuja, na hauwezi kujua nani anakusikiliza mu nyumba ya yule alikuacha.

Na nyinyi? Ni muimbaji gani alibadilisha muziki mukamukasirikia, kisha mukajikuta munamuimba mu jikoni? Semeni bila haya, ninasoma yote.