Kamusi Niliyoifunga kwa Shati

Wiki iliyopita wanafunzi wa chuo waliopanga nyuma ya nyumba yangu, hapa Bulengera, mtaa wa mji wa Butembo, waliniomba niwazungumzie juu ya kuishi na vitu vichache. Vyumba vyao ni vidogo, makorokoro ni mengi, na kila siku mmoja anamshuku mwenzake kwa chaja iliyopotea. Niliwaambia mazuri yote: ukiwa na kidogo unajua kilipo, hupotezi asubuhi kutafuta, hugombani na mtu, akili inabaki kwa masomo. Wakaandika, maskini. Lakini sikuwaambia nilijifunzia wapi hayo, na tangu siku hiyo sina raha. Wewe acha nikuambie.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa darasa la sita katika kijiji kilicho kando ya barabara kati ya Beni na Butembo, nikilelewa na koko, mama wa mama yangu. Madawati ya shule yalikuwa yamegeuzwa kuni za kupikia chakula cha askari, hata sikumbuki wa upande gani, kwa hiyo tuliketi juu ya matofali. Tulikula bugali wa mihogo na sombe, majani ya mihogo, bila mafuta, na koko alipika kabla jua halijapanda ili moshi usimwite mtu asiyealikwa. Ukisikia mbwa wote wanabweka upande mmoja, uliacha sahani ukasimama.

Kitu tulichokiogopa kuliko risasi ni kubebeshwa. Askari walihitaji watu wa kubeba makasha yao ya risasi na unga waliopora, nao hawakuchagua kwa umri. Walichagua kwa mzigo: ukipita na kikubwa, umeshajitangaza kwamba una nguvu. Jirani yetu alichukuliwa hivyo akipeleka viazi Butembo. Mke wake aliendelea kumwekea chakula chake kila jioni, na kila asubuhi aliwapa kuku.

Ndiyo maana mwalimu wetu alikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi, kabla ya kugonga rimu la gari lililokuwa kengele yetu, alituamuru tumwage mifuko chini. Ulichokuwa nacho bila kukitumia wiki nzima kilirudi nyumbani au kilikwenda kwa asiye nacho. Daftari lilikuwa moja kwa masomo yote, hesabu mwanzoni, Kifaransa mwishoni, vikutane katikati. Ukionekana na kalamu mbili za biki aliuliza, "Hii ingine ni ya nani?" na ukikosa jibu, ilipata mwenyewe papo hapo. Tulinung'unika, lakini sitadanganya, tulikuwa wepesi. Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa darasa zima, basi tulikikariri, na jioni tukitwanga sombe mmoja alianza ukurasa na mwingine akaumalizia. "Kitu iko mu kichwa," mwalimu alisema, "hakuna barrière itakamata," yaani vizuizi vya askari barabarani. Hatukuwa tumeuchagua umaskini ule, lakini yeye alitufundisha kuushika sisi, usitushike.

Mtihani wa kumaliza shule ulifanyiwa Butembo, mwendo wa saa tano kwa miguu, na ilibidi tuondoke siku moja kabla. Mwalimu alisema kila mmoja achukue biki, kipande cha mkate wa mihogo na karatasi yake ya ubatizo, basi. Mimi Kifaransa kilinitisha. Nyumbani tulikuwa na kamusi nene ya marehemu mjomba, nzito kama tofali, na nilijidanganya kwamba nikiisoma usiku mmoja nitapona. Mwalimu alipima mifuko kwa kuinyanyua kwa kidole kimoja, kwa hiyo niliificha kamusi kwenye migomba nyuma ya kanisa, nimeifunga kwa shati. Baada ya ukaguzi nikaomba ruhusa ya kwenda haja, nikaichukua na kuitia mfukoni. Nilijiona mjanja kweli.

Kizuizi cha kwanza tulipita. Wanafunzi kumi na mmoja wembamba na mwalimu wao, mifuko imelegea, nani atatutaka? Kwenye cha pili kulikuwa na makasha matano chini na watu wanne tu wa kuyabeba. Askari mmoja akatutazama, akaona kamba ya mfuko wangu inavyonikata bega.

"Wewe, yaka! Kuya hapa. Nini iko mu saki?"

Alilichomoa shati, kamusi ikaanguka matopeni, ikafunguka. Akacheka. "Kumbe huyu iko na mabega. Acha kitabu, kamata ile caisse."

Wenzangu wote waliitazama kamusi, na mwalimu pia aliitazama, kitambo kirefu. Nilingoja anitukane. Akavua kofia.

"Pardon chef, iyo ni mutoto. Kesho iko na examen. Ile caisse miye njo nitabeba."

Askari alimpima kwa macho, akainua mabega, ilikuwa mamoja kwake. Mwalimu akainama, wakampandisha kasha begani. Alitugeukia mara moja tu. "Muende. Hapana geuka nyuma." Nasi tukaenda, na mimi niligeuka. Alikuwa ameshaingia njia ya msituni, wa tano katika mstari.

Butembo tulikuta kwamba hata kitabu kidogo hakiruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Niliandika nikilia. Maswali mengi yalitoka kwenye kurasa zile tulizokariri tukitwanga sombe.

Koko alisali kila siku kwa ajili ya mwalimu, naye hakujua kisa, kwa maana wenzangu walinifichia siri. Miezi miwili ikapita. Siku moja asubuhi mtu mwembamba aliingia uani akaomba maji, na koko akapiga kelele, "Wasingya, Nyamuhanga!" akimshukuru Mungu kwa lugha yetu. Mimi nilisimama nyuma ya mlango. Mwalimu aliniona.

"Kifaransa, ulipata ngapi?"

"Themanini na mbili, mwalimu."

Akatabasamu. "Bon. Basi ile caisse haikukuwa nzito."

Alikipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unaning'inia, na haukuinuka tena juu ya kifua mpaka alipokufa.

Leo pale shuleni pamepandwa kahawa, koko amelala makaburini, na wenzangu wa njia ile nimebaki kuwahesabu kwenye vidole. Mwalimu alizikwa mimi nikiwa Kampala nikijenga maisha. Miaka yote ile tulipokutana barabarani nilimsalimu kwa heshima, nikamuulizia watoto, nikamnunulia sukari. Neno "nisamehe" sikumwambia hata mara moja. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kulisema.