Mgeni Niliyempa Maji Tu

Tangu nimalize darasa la saba naishi na bibi yangu kijijini Kanazi, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Magoti yake hayamsaidii tena. Hushinda mlangoni, na kila anayepita njiani humwita aingie. Kumwita ni kazi yake. Kuchota maji, kumenya ndizi na kuwasha moto ni kazi yangu.

Mgeni akiingia, kwanza hupewa kikapu kidogo chenye kahawa kavu ya kutafuna. Bibi hamuulizi mtu jina wala shida yake kabla hajatafuna. Anasema kumuuliza mapema ni kumpima kama anastahili kula.

Siku hiyo wageni wanne walikuwa wameshakula, na mimi nilikuwa nimetoka mtoni mara ya tatu. Bibi alikuwa amelala ndani. Akaja mama mmoja mzee, viatu mkononi, akaomba maji. Gari lililomtoa Muleba lilikuwa limeharibika, naye alikuwa anakwenda kwa mwanawe Ijuganyondo. Alipouliza kama mwenye nyumba yupo, nilisema hayupo. Niliangalia miguu yake yenye vumbi, si uso. Akanywa, akashukuru, akaondoka.

"Nani huyo?" bibi akauliza kutoka chumbani.

"Mpita njia."

"Ametafuna?"

Nikasikia kitanda kikilia, kisha mkono wake ukipapasa ukuta. Alitoka na kikapu chake, fimbo mkono wa pili, akanipita bila kunigombeza. Alishika njia ya barabarani. Alikwenda hatua sita hivi, akasimama, akashindwa kuendelea.

"Nyumba hii haijawahi kumtoa mtu mdomo mtupu," alisema. Hakusema na mimi hasa.

Nilichukua kikapu, nikakimbia. Nilimkuta yule mama ameketi kwenye jiwe kando ya barabara. Nilipiga magoti, nikamnyooshea kahawa.

"Bibi anakuita," nikasema.

"Si ulisema hayupo?" Alicheka taratibu, akachukua punje mbili, akatafuna. "Basi amerudi upesi, waitu, mwanangu. Niinue."

Tulirudi polepole. Bibi alikuwa bado amesimama palepale, ameegemea fimbo. Walisalimiana kwa muda mrefu, kama watu waliopotezana.

Mimi nilikwenda jikoni, nikachukua kisu. Mikono ilikuwa mizito, utomvu wa asubuhi haujatoka vidoleni. Nilipofika ndizi ya kumi, sauti ya bibi ikanifuata:

"Ongeza nyingine mbili. Labda atapita mtu."

Nikaongeza.