Funda la Kwanza la Yeremia Kavumbi

Jua ndiyo kwanza lachomoza, na Yeremia Kavumbi tayari yuko juu ya mnazi wa nne, kotama, kisu cha ugema, mkononi, kibuyu kiunoni. Anachanja ncha ya karara, chipukizi la ua la mnazi, kipande chembamba kama kucha, anamimina tembo, pombe ya mnazi iliyotona usiku kucha, kisha anashuka kwa vidato alivyovikata mwenyewe kwenye shina. Akifika chini anaanza wimbo wa kanisani, na sauti yake, tuseme ukweli, si ya kwaya.

Minazi anayoigema hapa Galu, pwani ya kusini ya Kenya, ni kumi na minne, na kila mmoja huupanda mara mbili kwa siku. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Aliteremka kutoka Kinango miaka sita kabla ya Uhuru, na mwaka huu wa 1967 amepata jambo linalomkosesha usingizi.

Jumapili ijayo kanisa lake dogo la makuti, nje kidogo ya Msambweni, litamweka kuwa mzee wa kanisa. Kabla ya kuwekewa mikono, kasisi atamwuliza mbele ya watu wote kama yeye ni mtu wa kiasi. Kavumbi hajui atajibu nini.

"Nikisema ndiyo, naogopa nitakuwa nimesema uongo. Nikisema la, naogopa vilevile," anasema, halafu anacheka kama mtu asiyeona cha kuchekesha.

Msomaji wa mjini atauliza kuna ugumu gani hapo. Si aache tu kunywa? Mwandishi wa habari hizi naye aliuliza hivyo, akatazamwa kama mgeni kweli kweli.

Mangweni, yaani uani kwake ambako wateja huketi juu ya magogo wakanywa, hakuna anayegusa tembo kabla muuzaji hajanywa funda la kwanza machoni pa watu. Ndivyo anavyoonyesha kuwa hakutia sumu. Kila kundi linaloingia lina haki ya kumwona akimeza.

"Hata ndugu yangu wa tumbo moja akiniuzia, nitamngoja anywe kwanza," anasema Kavumbi.

Kwaresima ya mwaka huu alisikia mahubiri ya kujizuia, akatoka kanisani moyo ukimwaka. Asubuhi iliyofuata aliweka chupa mbele ya Mzee Mwinga, mteja wake wa siku nyingi, kisha akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Karibu unywe."

"Marahaba. Wewe kwanza, mwanangu."

"Mimi leo sinywi. Nimefunga."

Mzee Mwinga aliitazama chupa, akamtazama Kavumbi, akaisukuma ile chupa polepole kwa kidole kimoja. "Kavumbi," akasema, "nimekukosea nini mimi?"

Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimefika Diani: mgema Mkristo awatilia watu dawa. Siku tatu hakuuza hata chupa moja. Alimwaga mchangani chupa sitini na kitu, na mkewe, Kadzo, akawa anasalimiwa kwa mbali kisimani. Siku ya nne Kavumbi alimwendea Mzee Mwinga nyumbani kwake, akapiga magoti, akanywa. Mzee alitokwa na machozi. Kavumbi naye hakujizuia.

Tangu siku hiyo alijiwekea sheria: anywe funda la kazi tu, basi. Na hapo ndipo akili yake ilipovurugika hasa, maana tembo la asubuhi ni tamu, lachemkachemka ulimini, na Kavumbi analipenda.

"Nilianza kufurahi nikiona watu wanaingia wawili wawili badala ya wanane pamoja," anakiri, macho chini. "Nikajidanganya kwamba nafurahia biashara."

Sikukuu ya Madaraka alikunywa mafunda ishirini na matatu, yote ya kazi, akamaliza siku akimkaribisha mbuzi wake chai.

Kadzo, ambaye haonji kabisa, hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Baba Dama, kama ungekuwa huuzi, ungekunywa?"

Miezi imepita, na bado analirudia swali lile.

"Mungu ndiye aliyetia utamu mle, si mimi," anasema Kavumbi. "Alitaka niuonje, au alitaka aone kama nitaupita? Haki ya Mungu, sijui."

Wiki hii amejaribu njia mpya. Tembo lote, la jana jioni na la asubuhi, analimimina katika mtungi mmoja, na wateja wanangoja mpaka saa tatu. Wakishatimia, anakunywa funda moja mbele ya wote, ndipo anagawa. Atakayechelewa atategemea ushahidi wa wenzake.

"Sasa twangoja kengele kama watoto wa skuli," analalamika Mzee Mwinga, ingawa yeye ndiye aliyefika wa kwanza leo. Mpaka sasa ni siku nne, mafunda manne.

Saa tatu inafika. Kavumbi anachota tembo kwa kata, anaitazama, anarudisha kidogo mtungini. Anaitazama tena. Anarudisha tena.

"Kunywa, bwana, watu wana kiu!" anafoka Mzee Mwinga.

Anakunywa. Uso wake unang'aa, na papo hapo anaona haya kwa kung'aa kwake.

Wateja wanapokwisha kugawiwa, anaulizwa kama sasa ataweza kumjibu kasisi.

"Nitamwambia ni funda moja kwa siku," anasema. "Nitamwambia ni tamu, na kwamba nalingoja tangu nikiwa juu ya mnazi. Akinikataa, basi anikatae kwa hilo la kweli."

Anapangusa mdomo kwa kiganja.

"Lakini nataka sana asinikatae."